Diski Inayojisifu Mara Nane

SWALI: Shikamoo fundi. Natunza seva ya Linux ya ghala letu la dagaa, Kibirizi, Kigoma. Programu ya ufuatiliaji inadai diski inaandika megabaiti 640 kwa sekunde; iostat, amri ya Linux ya kupima kazi ya diski, inasema 80. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba. Shika la iostat. Diski ya kuzunguka ifike 640? Labda ndotoni! Gawanya 640 kwa 80, unapata 8. Huyo nane ndiye mchawi wako. Faili la /proc/diskstats, ambamo Linux huweka takwimu za diski, huhesabu sekta (vipande vya diski) za baiti 512 daima, hata kama za diski yenyewe ni 4096. Programu yako, naona, inazidisha idadi ya sekta kwa 4096 badala ya 512, ndiyo hiyo mara nane. Rekebisha hapo. Tena usijumlishe sda (diski nzima) na sda1 (sehemu yake): ni kupima dagaa walewale mara mbili. Ila ripoti ya kwanza ya iostat iruke, ni wastani tangu mashine iwashwe.