Printa Inaruka Mistari: Mwalimu wa Ahero Auliza

SWALI: Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu hapa Ahero. Nina printa ya kumiminiwa wino kwenye tangi. Nachapa mitihani na ratiba za mazishi. Ilikaa likizo nzima bila kazi, na sasa herufi nyeusi zinatoka na michirizi myeupe. Nimeiamuru isafishe kichwa, kile kinachonyunyiza wino kwenye karatasi, mara nyingi, wapi! Jirani anashauri spiriti na bomba la sindano. Nimsikilize?

JIBU: Mwalimu, tafadhali usimsikilize. Ukisukuma kwa sindano unaweza kukiharibu kichwa kabisa, na spiriti huweza kula gundi na mpira wa ndani.

Na huko kusafisha mfululizo, acha leo. Kila mara printa inavuta wino mwingi na kuutupa kwenye sponji la ndani. Wino tangini ukiwa chini ya alama, itavuta hewa, na shida itazidi. Chapa ukurasa wa kukagua matundu ya wino ya kichwa, safisha, kagua tena. Ukifika mara 3 bila nafuu, izime na uiache kwa muda wa saa 12. Mapovu ya hewa hutoka, wino uliokauka hulainika. Mashine nyingi huponea hapo.

Isipopona, nunua maji ya kujazia betri kwenye kituo cha mafuta. Soma chupa vizuri: maji, si asidi! Ya mfereji yana chumvichumvi. Washa printa, na kichwa kikifika katikati, chomoa waya. Hapo tu ndipo nakuruhusu kuikatia umeme ikiwa kazini. Upande wa kulia utaona kisahani cha mpira chenye kisponji. Tonesha matone machache, rudisha umeme kichwa kirudi kukikalia, zima kwa kitufe, ulale. Asubuhi safisha mara 1.

Sasa nikuulize mimi: huwa unaizimaje? Nyumba nyingi ninazoingia, kuanzia Kondele hadi Awasi, watu huzima soketi ya ukutani ili kuokoa tokeni. Hili linaniuma, maana ndilo linaloua printa nzuri. Ukibonyeza kitufe chake, kichwa hurudi kwenye kile kisahani na kufunikwa kisikauke. Ukikata umeme ukutani kikiwa kazini, kinabaki wazi, na kwa joto letu la Kisumu wino hukauka upesi. Stima ikipotea ukichapa, ikirudi tu iwashe, subiri kichwa kijiegeshe, ndipo uzime kwa kitufe. Soketi baadaye. Kisha kila wiki, likizo hata muhula, chapa ukurasa 1 wenye rangi zote.

Wenye katriji zilizo na kichwa chake wana kazi nyepesi: tishu yenye unyevu wa maji hayohayo, gandamiza matundu kidogo hadi yaache alama ya wino, bila kugusa vile vipande vya shaba vya kupitisha umeme.

Ikibidi kumpelekea fundi, funga vifuniko vya matangi na uipakate kwenye matatu ikiwa imekaa sawa, bila kuinama. Usikubali makanga ailaze ubavu kwenye buti.