Kabla ya kutafuta nidhamu, tafuta zoezi unalolipenda

Ndugu yangu wa Iringa, umeeleza kwamba mwaka huu umeanza kukimbia mara tatu na kuacha mara tatu, na unauliza nidhamu hupatikanaje. Kwa yaliyonipata hapa Mbeya, naomba kwanza uache kujilaumu, kisha ujiulize kama kweli unapenda kukimbia.

Nilipoambiwa kwamba shinikizo langu la damu limepanda, nilijilazimisha kukimbia peke yangu kila alfajiri. Nilianza mwezi Juni, baridi yetu ikiwa kali hata vidole havikunjiki, na wiki ya nne sikuimaliza. Umuhimu wa mazoezi niliujua vizuri, lakini nafuu ya moyo huja baada ya miezi, ilhali karaha ya kutoka kwenye blanketi ilikuwa ya kila siku.

Kilichonirudisha ni rede. Jirani zangu walikuwa wakicheza na binti zao nyuma ya nyumba, wakaniita kukamilisha idadi. Nikajikuta katikati, nimeinama najaza mchanga kwenye chupa, macho yakiwa kwenye mpira wa soksi, na kila uliporushwa niliukwepa, kisha nikarudi mbio kwenye chupa yangu kabla haujarushwa tena. Giza lilipoingia ndipo nilipogundua kwamba saa nzima imepita. Sasa tuko wanawake kumi na mmoja, tunacheza jioni tatu kwa wiki, yaani dakika 180, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza kwamba mtu hudumu katika jambo akiwa na uhuru wa kulichagua, akijiona analiweza, na akiwa na ukaribu na wenzake. Katika kukimbia kwangu nilikosa yote matatu; rede niliijua tangu darasa la pili, na nisipofika, mtu huja kugonga mlango.

Raha hiyo si ulegevu, kwani katikati ya mchezo naweza kuzungumza lakini siwezi kuimba, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha zoezi la wastani. Dawa nazo sikuziacha, na hilo nalisisitiza.

Umetaja kwamba shuleni ulicheza mpira wa wavu. Kabla hujanunua viatu vingine vya kukimbilia, tafuta wenzako watano na kamba ya kufunga kati ya miti miwili.