Tabaka la barafu likibonyea, usikimbilie kusema chini kunayeyuka

Kila mstari unaoonekana ndani ya picha ya rada ya barafu ya Greenland au Antaktika ni theluji ya kipindi kimoja. Tindikali ya milipuko ya volkano ilinaswa humo, ikabadilisha namna barafu inavyopitisha umeme, na sehemu ya mawimbi ya redio ya rada hurudi ikiifikia barafu hiyo. Mstari ukipinda kuna kilichoupinda, na si lazima kiwe maji.

Anza na vipimo. Mawimbi husafiri mita 168 hivi kwa mikrosekunde ndani ya barafu. Mwangwi wa mikrosekunde 20, kwenda na kurudi, umetoka mita 1,680 chini. Ongeza kama mita 10, kwa sababu theluji ya juu isiyoshikamana hupitisha mawimbi upesi zaidi. Angalia pia kama picha imevutwa kwenda juu. Mara nyingi imevutwa, na mwinamo mdogo unaonekana kama genge.

Usiamue kwa mstari mmoja. Fuatilia mitano au sita, na kina cha kila mmoja kiandike kama sehemu ya unene wote wa barafu, la sivyo vilima vya mwamba vitakudanganya. Bonde la mistari, yaani pale ilipobonyea, likiwa limeletwa na theluji nyingi huanza kwenye mistari ya juu, hukomaa katikati na kufifia karibu na mwamba. La kuyeyuka huzidi kadiri unavyoshuka, na mistari ya chini kabisa huishia mwambani kana kwamba imekatwa kwa kisu: barafu yake kongwe imeshakuwa maji. Utelezi nao hushusha mistari pale kitako cha barafu kinapoacha kung'ang'ania mwamba, lakini hauikati, na kitako kikishika tena mistari hupanda. Hapa ndipo wengi hukosea.

Kisha piga hesabu. Joto la ardhi la miliwati 50 kwa mita ya mraba, likitumika lote kuyeyusha, huondoa milimita 5 hivi kwa mwaka. Kwa miaka 10,000 ni mita 50, na rada huziona. Sharti ni kwamba kitako kiwe kimefikia kiwango cha kuyeyuka, ambacho chini ya kilomita 3 za barafu ni karibu nyuzi -2.6 za Selsiasi. Kisima cha NorthGRIP, kilichotobolewa kwenye barafu ya Greenland, kilifika chini mwaka 2003, kwenye mita 3,085, kikakuta maji.

Mistari iliyoinuka ina mitego yake. Maji yakisukumwa kupanda mteremko, shinikizo hupungua na yanaganda tena kwenye kitako, yakiinua tabaka zote; hilo limeonekana juu ya milima ya Gamburtsev, Antaktika Mashariki. Lakini uvimbe ulio moja kwa moja chini ya mgongo wa barafu, pale mtiririko unapogawanyika kwenda pande mbili, juu ya mwamba tambarare, kwa kawaida hauhitaji maji: barafu ya hapo karibu na mwamba haisukumwi sana, hivyo hubaki ngumu na kushuka polepole kuliko ya pembeni.

Mwisho, bonde halikai juu ya chanzo chake. Barafu inayokwenda mita 50 kwa mwaka husafiri kilomita 50 katika miaka 1,000, basi tafuta chanzo upande barafu inakotoka. Picha inayokata mtiririko haitakusaidia. Katika data za Operation IceBridge, kampeni ya NASA ya kupima barafu kwa ndege, ambazo ziko wazi kwa wote, chagua njia ya ndege iliyoufuata mkondo.