Nguvu Ije Mwisho: Kujenga Upya Gari la Mbio Ukiwa Nairobi

Vijana wanaonunua Toyota Corolla za AE111, toleo la miaka ya tisini, kwa ajili ya mbio za viwanjani huniuliza jambo moja kabla ya mengine yote: nguvu nitaiongeza vipi? Jibu langu huwakera, lakini sijapata sababu ya kulibadilisha. Pesa za nguvu ziweke kando. Kwanza gari limalize mizunguko mfululizo breki zikishika vilevile zilivyoshika mwanzo, injini haijachemka, na sindano ya presha ya oili haijayumba. Hapo ndipo tuanze kuzungumza farasi, yaani nguvu ya injini.

Mimi nina Levin, Corolla ya AE111 ya milango miwili, yenye injini ya 4A-GE ya vali 20, ile ya kifuniko cheusi iliyotoka Toyota mwaka 1995. Ni injini ya cc 1587 tu, haina turbo, na wenyewe waliitangaza kuwa na nguvu za farasi 165 ikizunguka mara 7,800 kwa dakika. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu zake. Zile 165 hapa kwetu ni kama 135 au 140, hata injini ingekuwa mpya. Ukifunga ekzosi ya bei kali ikakupa nguvu tano, umerudishiwa kipande kidogo tu cha kile ulichonyang'anywa na mwinuko.

Uzito haujali mwinuko. Kilo 80 ni 80 Mombasa na ni 80 Limuru, na ukiziondoa gari linafaidika likiondoka, likikata kona na likisimama. Na kazi yenyewe ni ya mikono yako zaidi kuliko mfuko wako. Toa kiti cha nyuma, tairi la akiba, mazulia, mfumo wa AC, na zile shiti nzito za lami zilizobandikwa sakafuni kuzuia kelele. Lami hiyo huipasha moto kidogo kidogo kisha huibandua kwa mkwanguo, na chini yake ndipo utakapoona kutu ambayo muuzaji hakukuambia. Itengeneze hapohapo. Vyuma vilivyo ndani ya milango viache mahali pake. Vimewekwa ili mlango usikuingilie ukigongwa ubavuni.

Sasa injini. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo AE111 nzima huwezi kuiagiza tena. Tunabaki na magari yaliyoko nchini na injini zilizotumika, zile za ex-Japan, yaani zilizotolewa kwenye magari ya Japani, ambazo utazitafuta kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road na kwingineko. Kabla ya kuilipia, pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa na pistoni, ya silinda zote nne. Na hapa nawasihi mafundi: namba zilizo kwenye kitabu cha Toyota ni za usawa wa bahari. Kipimo chako Nairobi kitasoma chini kwa sababu hewa inayoingia silinda ni chache, si kwa sababu ringi za pistoni zimekwisha. Nimeona injini nzima kabisa ikihukumiwa kufa kwa sababu hiyo, mwenyewe akauziwa nyingine ambayo hakuihitaji. Tazama tofauti kati ya silinda na silinda. Zikikaribiana ndani ya asilimia 10, usiwe na wasiwasi. Moja ikiwa chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, tafuta kwenye vali au gasketi ya hedi.

Kisha fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Wengi hawaifungui kwa kuwa injini inawaka vizuri, lakini mimi siwezi kupeleka uwanjani injini ambayo sijaona beringi zake za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki. Legeza kofia ya konrodi, toa kile kipande cha beringi chenye umbo la nusu mwezi, kifute kwa kitambaa, kisha kishike penye mwanga wa jua. Kikiwa na rangi ya kijivu iliyopoa, sawasawa pande zote, ni kizima. Ukiona rangi ya shaba imeanza kuchungulia, tabaka la juu limeliwa na hicho hakirudi. Mikwaruzo ya duara inakuonyesha kwamba uchafu umepita kwenye oili, kwa hiyo utasafisha njia za oili zote kabla ya kufunga beringi mpya. Kazi hii yote haimalizi asubuhi moja, na ndiyo itakayokueleza ukweli wa injini kuliko maneno ya dalali yeyote.

Ukiwa hapo chini, sampu isirudi kama ilivyotoka. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, ule mdomo wa pampu unabaki kufyonza hewa, na beringi inayozunguka kasi namna ile haihitaji muda mrefu ikauke na kukwama. Mpe mchomeleaji mzuri atengeneze kuta ndani ya sampu kuzunguka mdomo wa pampu, zenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu, ili oili iingie isitoke. Funga na geji halisi ya presha ya oili mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Usitegemee taa nyekundu ya dashibodi. Ile huwaka presha ikiwa imeshaanguka karibu na sifuri.

Kuhusu joto, kuna kipuri kidogo ambacho watu hukidharau: kifuniko cha rejeta. Kwa mwinuko wetu maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha baa 0.9 hukandamiza mfumo hadi maji yavumilie kama nyuzi 115. Kikilegea springi au mpira ukipasuka, umerudi kwenye 94, na injini ya mbio hufika hapo bila shida. Nunua kipya halisi kabla hujafikiria rejeta kubwa ya alumini. Na usijaze maji matupu ya bomba. Hedi ni ya alumini na italiwa, kwa hiyo tumia kuleni, maji maalumu ya kupoza injini.

Breki ndizo zilizonifundisha kuheshimu vitu vya bei rahisi. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Yakishavuta unyevu wa hewa, kiwango hicho hushuka kuelekea 155, na mafuta yakichemka ndani ya kalipa, kile kishikio kinachobana pedi kwenye diski, hugeuka mvuke, pedali inazama hadi sakafuni na gari halisimami. Kwa hiyo nunua chupa ndogo iliyofungwa, uitumie, na kilichobaki usikiweke kwa ajili ya gari la mbio. Ile chupa iliyokaa wazi kwenye rafu ya gereji usikubali imiminwe kwako. Badilisha sili za kalipa, weka pedi zilizotengenezwa kuvumilia joto la uwanjani, na kama gari lina matundu ya taa za ukungu ambazo huzitumii, pitisha paipu humo zipeleke hewa katikati ya diski.

Chini ya gari nitapita haraka: bushi, zile raba za viungo vya chini, kwanza, shokabzoba baadaye. Raba ya tangu miaka ya tisini haishiki tena, na hakuna shokabzoba ya pesa yoyote inayoweza kusahihisha mkono wa chini unaocheza. Ukimaliza, inamisha magurudumu ya mbele, sehemu ya juu ielekee ndani, kwa nyuzi mbili na nusu hivi, halafu usome matairi yenyewe. Yakirudi yamelika ukingo wa nje, bado hujainamisha vya kutosha.

Keji, ile fremu ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, sitanii nayo. Nimekutana na keji zilizochomelewa kwa mabomba ya maji, zimepakwa rangi nzuri, na mwenye gari ana imani nazo. Kanuni za FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, zinataka bomba lisilo na mshono, na upinde mkuu uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Bomba la maji lina mshono, na kwenye kishindo linaweza kupasuka hapo. Kama pesa hazijafika, subiri. Mikanda ya kiti yenye idhini ya FIA nayo ina mwaka wa mwisho uliochapishwa kwenye lebo; ya mtumba mara nyingi imeshapita, hata ikionekana mpya.

Siku ya kwanza ya majaribio usitafute muda mzuri. Zunguka kidogo, ingia, fungua boneti, angalia panapovuja, kaza nati za magurudumu kwa spana ya torki hadi Nm 103, kisha utoke tena. Kila bolti uliyoikaza muhimu ipige alama ya rangi ikivuka hadi kwenye chuma cha jirani. Mstari ukikatika, bolti imelegea, na unaona kwa jicho bila kushika kitu.

Bajeti yangu ya nguvu, baada ya haya yote, imekwenda kwenye difu ya kufunga, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake. Gari hili linavuta kwa mbele, na ukitoka kwenye kona gurudumu la ndani linasota tu huku nguvu ikipotea kwa moshi. Difu inazichukua farasi zilezile 135 nilizonazo na kuzifikisha ardhini. Kompyuta ya injini na kamshafti za mbio zitasubiri zamu yao.