Jibu: Usipige Windows upya kabla hujaokoa faili
Ndugu, umesema kompyuta imekuwa nzito, inatoa mlio wa "tik, tik", na unataka kuipiga Windows upya (kuisakinisha tena). Subiri kwanza! Ingekuwa uzito peke yake, ningekuambia ubonyeze Ctrl+Shift+Esc utazame programu ipi inakula memori, basi. Lakini mlio huo kwa kawaida ni wa hadidiski, diski ya ndani inayotunza faili zako, inayokata roho.

Usipige Windows, wala usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski). Zote mbili zinaichosha diski, na hiyo ya pili inaweza kuvuruga faili ambazo bado zinasomeka. Chomeka diski ya nje, anza na vitu usivyoweza kuvipata tena: picha, nyaraka za kazi. Filamu ziache. Nakili folda mojamoja. Ikikwama kwenye faili fulani, iruke uendelee. Windows ikigoma kabisa kufunguka, iwashe kompyuta kwa flashi yenye Linux (mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta), mara nyingi folda zako utaziona.

Halafu umesema pia "nakala ninazo kwenye D". D na C mara nyingi ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nyumba ikiungua, vinaungua vyote. (Mimi nililijua hili nikiwa nimeshapoteza picha za miaka 3.) Weka nakala mbili: moja kwenye diski unayoichomoa ukimaliza, nyingine mtandaoni. Kisha fungua picha kadhaa kutoka kwenye nakala yenyewe. Niliwahi kukuta folda imejaa majina, kila faili KB 0, yaani tupu.