Ukipata kijana mkimya kwenye sungusungu yenu, usimharibu

Korosho zikianza kudondoka tu, mwezi wa tisa wa kumi hivi, huku Newala kila mtaa unakumbuka kwamba una sungusungu. Miezi mingine kikundi kimelala, daftari la doria liko kwa mwenyekiti linaliwa na mende, ila msimu ukifika utaona mkutano unaitishwa fasta, kila kaya itoe kijana au itoe hela ya betri za tochi. Na ule msimu wa 2024 bei ya mnada ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo ndo ikawa balaa kabisa, maana gunia moja la kilo 80 ni zaidi ya laki tatu kabla ya makato, na mtu mwenye shingo nzuri analibeba kichwani anapotelea nalo kwenye mikorosho wewe ukiwa bado unatafuta kandambili zako uvungu wa kitanda.

Mimi nipo kwenye hizi doria misimu mingi, siku hizi kazi yangu kubwa ni kupanga zamu na kupokea vijana wapya. Leo nataka niwaongelee vijana wa aina moja tu, wale wakimya, wanaokuja wenyewe bila kusukumwa na mtu, hawaongei, hawacheki na utani wetu, na baada ya wiki mbili unagundua ndo walinzi bora ulionao. Nawaandikia makamanda wenzangu na wenyeviti, na wazazi pia, coz nimeona vikundi vingi vinawaharibu hawa watoto.

Kwetu yupo mmoja, nitamwita Dogo. Miaka ishirini na kitu, mwembamba, ukimsalimia anaitikia shikamoo yake vizuri basi imeisha hiyo. Anakaa mgongo ukutani siku zote, hata pale kwa mama ntilie. Kwa sababu haongei watu wakamuongelea wao, mara ana hirizi ya Wamawia, wale Wamakonde wa Msumbiji, mara alifukuzwa JKT, mara kule Dar alikuwa kwenye genge la panya road karudi kutubu. Hakuna hata moja ninayoiamini. Ninachokijua ni kimoja, gunia la mama yake liliibiwa likiwa limeanikwa uani, na msimu uliofuata yeye akaja kuandikisha jina. Mengine sijawahi kumuuliza na nakushauri na wewe usimuulize. Ukimbana mtu wa hivyo akwambie moyo wake, atakupa uongo mzuri ili umwache, na kuanzia hapo anakuwa na kazi mbili, kulinda mtaa na kulinda uongo wake. Halafu sisi watu wa kusini tunachekesha kweli, tunawapeleka watoto jando wakafundishwe kufunga mdomo, wakirudi wamefunga kweli tunaanza kusema huyu mbona hasemi.

Sasa ujuzi wake. Watu wanadhani mlinzi mzuri ni yule mwenye kifua na rungu, na ndo maana wakichagua wanachagua wabeba zege. Kwenye mikorosho usiku kifua hakikusaidii, kinachosaidia ni masikio. Chini ya mkorosho kuna majani makavu, ukikanyaga yanalia kama bisi, ila shamba lililosafishwa vizuri kwa ajili ya kuokota halina majani, kwa hiyo mwizi mjanja anapita shamba safi mpaka shamba safi na anaogopa shamba la mvivu. Hii hakuna mtu aliyemfundisha Dogo. Alitembea mchana peke yake akayakariri mashamba yote, lipi limefagiliwa lipi bado, usiku akawa anakaa pale kwenye mpaka wa mashamba mawili machafu ambapo mtu lazima akanyage tu apende asipende. Tochi hawashi. Anajua mbwa wa kila nyumba, na yupi anabweka kwa sababu ya mtu na yupi anabweka kwa sababu ni mpumbavu. Asubuhi anaangalia mchanga, mtu mwenye mzigo kichwani nyayo zinazama na hatua zinakuwa fupi. Na ule ukungu wetu wa alfajiri huku juu, ambao wengine wanautumia kama ruhusa ya kwenda kulala, yeye ndo anaupenda maana sauti inasikika vizuri na watu wanajiamini.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, ukiwa naye wa hivyo usimpange na wapiga stori. Mpange na mzee mmoja mtaratibu, mpe filimbi, kubalianeni ishara, mara moja maana yake kuna mtu, mara mbili njooni, basi. Na kwenye lindo pasiwe na uraka, ile pombe ya mabibo. Najua ndo msimu wake, mabibo yamejaa na kila nyumba imekamua, lakini mtu aliyepiga uraka, au mbaya zaidi nipa, ile kali ya kuchemsha, ukimpa rungu usiku umeshaandaa msiba, tofauti ni wa nani tu.

Haya, twende kwenye jambo lenyewe, maana ujuzi sio tatizo la hawa vijana. Tatizo lao ni hofu, na simaanishi hofu ya mwizi.

Usiku mmoja Dogo alipiga filimbi mara mbili, tukafika tukakuta amemkalisha chini kijana wa kama miaka kumi na nne, ndoo ya korosho pembeni, haijajaa hata nusu. Kabla hatujapumua vizuri majirani wameshatoka, unajua ile sauti ya "mwiziii" ikishatoka kwa mtu mmoja haina mwenyewe tena, wamama na fimbo, mtu ana tofali, mtu kabeba mchi wa kutwangia, sijui alipanga kumtwanga nani. Dogo akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona, akavua refleksa yake, kile kizibao cha kung'aa, akamvalisha yule mtoto, akamshikisha tochi, akamsogeza katikati yetu. Gizani watu wanatafuta mwizi, wanaona walinzi watano wenye tochi, mwizi hayupo. Mtu mmoja akaropoka "kakimbilia huku!", kundi zima likafuata huko, na sisi tukapita nyuma ya ghala la AMCOS, chama cha ushirika, mpaka kwa mtendaji, mtendaji akaamshwa, polisi wakapigiwa, mtoto akakabidhiwa akiwa na meno yake yote. Tangu siku hiyo kwenye kikundi chetu tunatembea na refleksa moja ya ziada, na nakuomba na nyie mfanye hivyo, haina gharama ya kusema mtashindwa.

Tukiwa tunarudi nikaona Dogo anatetemeka. Nikajua ni baridi, kumbe siyo. Akaniambia, na hii ndo sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia, "Njomba, nilivyomshika shingo nilisikia raha, nikawa nataka akurupuke kidogo nipate sababu."

Ukiambiwa maneno hayo na kijana usicheke na usimpe mahubiri. Na usimwambie "kawaida tu utazoea", hiyo ndo mbaya kuliko zote, maana kuzoea ndicho anachokiogopa. Mimi nilimjibu nimekusikia, kesho kutwa tutaongea kuhusu zamu. Na zamu nikaibadilisha kweli. Yeye sasa hakamati, anasikiliza na kuita, mkamataji ni mwingine. Halafu mtuhumiwa akishakamatwa, Dogo ndo anamsindikiza mpaka kituoni, bega kwa bega, na kazi yake ni kuhakikisha anafika jinsi alivyokamatwa. Ile hofu yake imepata ajira. Mtu anayeogopa mikono yake mwenyewe ndo unataka akae karibu na mtu aliyefungwa, yule anayejiamini kwamba hana hasira mweke mbali sana, nawajua wengi wa hivyo na baadhi yao ni marafiki zangu.

Hofu yao ya pili ni kumshika asiyehusika. Hapa inabidi umpe sheria mkononi, kwa sababu kijana mkimya anabeba kila kitu kichwani mwake, usipompa mpaka uko wapi atajitungia wake, na utakuwa mkali kwake kuliko kwa wengine wote. Kaa naye mwambie taratibu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, ila anatakiwa amkabidhi polisi bila kuchelewa, na nguvu isizidi ile ya kumzuia asitoroke. Umkalishe kwa mwenyekiti mpaka mchana akiungama mbele ya watu, hiyo haipo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, imekataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla haijathibitika na imekataza kuteswa, haikusema isipokuwa msimu wa korosho. Na Kanuni za Adhabu zinasema wakikusanyika kwa nia moja na mtu akafa, mzigo ni wa wote walioshiriki, kwa hiyo yule anayesema "mimi nilishika tochi tu" aelewe kwamba kesi ya mauaji huku kwetu adhabu yake ni kunyongwa. Akiumia mtu, awe mwizi au mlinzi, apelekwe polisi achukuliwe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwe, na kila tukio liandikwe kwenye daftari, saa ngapi, nani aliona nini kwa macho na nani alisikia tu. Tukianza kuandika hivyo utashangaa "nilimuona" ngapi zinageuka kuwa "nilisikia ni yeye".

Dogo alilipenda lile daftari kuliko kitu chochote tulichowahi kumpa, hata buti. Mwandiko mbaya lakini hakosei.

Hofu ya tatu ndo inayowamaliza kimyakimya. Mtaa mdogo huu, mwizi mara nyingi ni mtu wetu. Ni mtoto wa shangazi, ni mliyeingia naye jando mkalala kibanda kimoja. Kijana anajikuta usiku anamkamata mtu na mchana yupo naye kwenye msiba wanachimba kaburi pamoja. Tena anaona kwamba wanaokamatwa ni hawa wa ndoo nusu, wanaopeleka kwa mnunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, wapate hela ya unga, wakati huyo mwenye kangomba anayepima kwa kibaba na kupakia gari usiku anasalimiwa bosi kila kona. Dogo aliwahi kuuliza kwenye kikao, kwa sauti ndogo tu, "mbona tunalinda miti, barabara hatulindi?" Kikao kikakohoa. Wazee wawili wakaangalia simu zao, na mmoja ninavyojua simu yake ilikuwa haina chaji.

Sina dawa ya hilo lote, ila kuna vitu viwili unaweza kufanya kama kamanda. Weka utaratibu kwamba mlinzi akiona anayefukuzwa ni ndugu yake anaruhusiwa kutoka kwenye tukio bila kuulizwa na bila kuitwa msaliti, anampa mwenzake filimbi anasimama pembeni. Na swali kama lile la barabara liandike kwenye daftari, peleka kwa mtendaji na kwa mkaguzi kata, yule polisi wa kata, maana usipolipeleka kijana anajifunza kwamba ukimya wake ulikuwa sahihi, na anaweza akaamua kwenda kulinda barabara peke yake usiku bila refleksa wala filimbi. Hapo ndo huwa tunawapoteza. Mlinzi mzuri aliyekata tamaa na kikundi anaanza kujipa kazi mwenyewe, kukamata mwenyewe, kuhukumu mwenyewe, na kwa kuwa ni msiri hamtajua mpaka mambo yameharibika. Ukiona anakuja lindo amechelewa na miguu imeshachafuka, au ameacha kuandika, au ameanza kutembea na panga badala ya fimbo, usisubiri kikao. Mfuate nyumbani, tena uende na ming'oko, vile viazi pori, au kilo ya sukari kwa mama yake ionekane ni salamu, mkae nje mmenye korosho, usiulize kitu, atasema akitaka. Asiposema mpumzishe zamu kadhaa kwa sababu yoyote ile, mwambie betri zimeisha.

Na nyie wazazi, mama mmoja aliniuliza juzi hapa sokoni kama amruhusu mwanae ajiunge msimu huu, ni kijana wa hivyohivyo, mkimya, hana makundi. Nikamwambia mama, usimuulize mwanao, nenda kamuulize kamanda wao. Muulize mwizi wa mwisho mliyemkamata yuko wapi sasa hivi na nani alimfikisha huko. Muulize daftari liko kwa nani, akuonyeshe. Muulize nani kwenye kikundi haruhusiwi kukamata. Akikujibu bila kubabaika mpe mtoto, na umnunulie koti la mvua maana mvua zikianza hawa viongozi hawatoi. Akianza kukuambia habari za vijana wake walivyo wakali, shika mkono wa mwanao mrudi nyumbani mkaokote korosho zenu.