Chumba kimoja, makochi ya watu saba

*Shikamoo, Shangazi. Tunaishi bedsita ya futi 10 kwa 12 hapa mtaa wa Zimmerman, Nairobi, orofa ya tatu. Mume wangu amemlipa fundi wa Ngong Road nusu ya pesa atuundie makochi ya watu saba, yale ya mikono mipana. Nikimwambia hayatatoshea, anadai namdharau, eti ndugu zake wakija kutoka mashambani wakalie wapi? Tumenuniana wiki mbili sasa. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Kwanza usimcheke mumeo. Anayewaza ndugu zake watakalia nini ana utu. Kilichomponyoka ni hesabu tu. Na hesabu hiyo usimfanyie kwa mdomo, maana mdomo ndio uliowafikisha hapa. Nunua chaki.

Jioni moja mkiwa wawili, yachoreni hayo makochi sakafuni. La watu watatu la mikono mipana hukaribia futi 7, na kila moja hula kama futi 3 kutoka ukutani. Mkiyatazamanisha, futi 6 kati ya 10 zimekwisha, na kitanda hakijapata pake, wala mtungi wa gesi. Kisha mwombe atembee kutoka mlangoni hadi bafuni bila kukanyaga chaki. Wewe nyamaza kabisa.

Pimeni pia mlango na kona za ngazi. Mimi niliwahi kupandisha kochi kwa kamba hadi roshani huku ploti nzima ikinitazama, na bado ikabidi mkono mmoja ukatwe kwa msumeno. Nilikaa na kochi hilo kilema miaka sita.

Mkielewana, fikeni kwa fundi upesi kabla hajakata mbao. Mafundi wa kando ya barabara huunda kwa kipimo cha mteja, kwa hiyo zungumzeni naye, pesa mliyolipa ihamie kwenye kochi moja la watu watatu: futi 6, mikono ya inchi 3 au 4, miguu iliyoinuka ili ufagio upite na masanduku yapate pa kujificha. Akitaka kupunguza kina cha kukalia ili kochi liwe dogo zaidi, kataeni. Inchi 20 hadi 22 ndizo zinazobeba mapaja ya mtu mzima, na kimo cha inchi 17 au 18 kitamfaa hata mama mkwe mwenye magoti mabovu. Sponji msiikubali kwa macho. Ikandamize kwa goti. Ikichelewa kurudi, mwambie akuletee nzito zaidi, la sivyo mtakuwa mnakalia mbao kabla ya Krismasi.

Ndugu zake nunulieni stuli nne zinazopandana, zikae konani zikisubiri wageni. Meza ya kioo ya katikati isahauni.

Kitambaa mwachie mumeo achague, hata akirudi na maua makubwa mekundu.